Komeo la Mnara wa Hallrig

Waingereza walikuwa wameshachoma vijiji viwili kabla ya adhuhuri. Ndani ya mnara wa Hallrig, Marioun alipanga udongo mkavu wa kinamasi, ule uwakao kama kuni, chini ya dari la mawe. Mumewe, Dand, alikuwa ameswaga ng'ombe milimani.

Kila ukoo wa mpaka huu na Waingereza uliijua kazi hii. Adui akikuta mnara mtupu huweka baruti akaubomoa. Ukiwasha udongo ule ndani, hufuka moshi siku tatu, na hakuna mwenye mapafu atakayeingia. Babu yake Dand aliuokoa mnara hivyo mara mbili. Ila geti la chuma lina komeo upande wa ndani tu. Mwashaji hulifunga, hupanda ngazi ya mzunguko hadi paani, kisha hushuka nje kwa kamba.

Marioun aliwasha, akapanda kwanza kuitazama kamba. Alipoiona ardhi kule chini, aliiachia kamba. Alirudi mbio, akatokea getini, akaliegesha tu.

Kilimani mama mkwe wake, Grizel, alimngoja juu ya farasi.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mama."

"Ukashuka kwa kamba?"

"Ndiyo."

"Hebu viganja." Kizee akavigeuza. "Laini kama siagi! Kamba gani hiyo, ya hariri?"

Marioun akaangua kilio. "Niliitazama kamba nikaogopa, mama. Narudi sasa hivi."

"Ukaitazame tena?" Grizel akageuza farasi, akateremka mbio.

Marioun alimfuata kwa miguu, roho mkononi. Alipofika getini moshi ulimpiga usoni, na komeo likalia ndani.

"Mama, fungua! Nitapanda, naapa!"

"Wameshavuka mto. Kimbia, we mtoto!" Grizel alikohoa sana. "Dand akiuliza nani kafunga, sema ni wewe. Sitaki mwanangu achekwe kwa kuwa na mke mwoga."

Kizee yule farasi alipandishwa kwa kubebwa, na hata kitandani kwa kushikwa mkono. Ngazi ile na kamba angeziweza wapi? Marioun alijua, na bado woga ulimshinda, akakimbilia vichakani. Kutoka humo aliwaona askari wakitikisa geti, wakikohoa na kutukana, hadi wakaondoka.

Jioni Dand alirudi, akaukuta mnara umesimama. Alimkumbatia mkewe mbele ya watu wote.

"Mwanamke shujaa huyu! Ameiokoa nyumba ya babu zangu!" Watu wakashangilia. Kisha akatazama huku na huku, bado anacheka. "Mama yuko wapi, naye aje akusifu?"