Nzuri, Siku Arobaini na Moja

Nyumbani walimwita Taratibu, kwa kuwa tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwona akikurupuka. Lakini Alhamisi hiyo, mbele ya dirisha la mapokezi la kliniki ya saratani, utaratibu wenyewe ulikuwa unamwishia.

"Mama yako leo hayumo kwenye orodha," alirudia mpokezi, kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Sasa atafuatiliwa kwa simu tu. Mshauri ataonana naye baada ya miezi mitatu."

"Nani kasema?"

"Simu yake."

Taratibu aligeuka. Mama yake alikuwa kwenye benchi, kilemba kichwani, pochi mapajani, akiitikia salamu za kila apitaye kama mwenye nyumba.

Mpango ulikuwa mwepesi, au ndivyo walivyoambiwa. Tangu aanze dripu za saratani ya titi, kila Alhamisi saa nne mama aliketi na mshauri nasaha, mtu kwa mtu, mlango umefungwa. Siku nyingine zilizobaki aliangaliwa na programu iliyowekwa kwenye simu yake: kila asubuhi inamuuliza hali, anabonyeza jibu, mtambo wa kliniki unalipokea. Taratibu hakujua yaliyosemwa nyuma ya ule mlango. Alijua kwamba Alhamisi ndiyo siku pekee mama aliporudi nyumbani akaomba chakula kwa mdomo wake. Kwa ajili hiyo alivumilia manung'uniko ya dobi anayempigia pasi, kwa kukosa kazini wiki hadi wiki.

"Sasa miezi mitatu atakula nini?" aliuliza. Mpokezi akamtazama asielewe.

Mshauri, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alisikia mabishano akatoka, akawaita ndani kwa dakika chache. Akawageuzia kompyuta. Mstari wa kijani ulikuwa umenyooka kama uzi.

"Siku arobaini na moja, mama. Zote umebonyeza Nzuri. Zikizidi arobaini, mtambo unampa kiti chako mgonjwa mwingine. Hata mimi nimekuta umeshaondolewa."

Taratibu alimgeukia mama yake. "Mama. Juzi umetapika kutwa nzima. Ulibonyeza nini?"

"Nzuri."

"Na Jumapili, uliposhindwa kuinuka kitandani?"

"Nzuri," alisema mama, kama anayeulizwa jina lake.

"Kwa nini lakini?"

"Si imenisalimia? Imesema, Habari za leo, mama. Sasa mtu anakusalimu asubuhi asubuhi, wewe unamrushia mbaya usoni?"

"Hiyo si mtu, mama. Ni simu."

"Adabu ni yangu, si ya simu."

Mshauri alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Taratibu hakucheka. Vile vibonye alikuwa amemfundisha mama mara tatu, kimoja kimoja, Nzuri, Wastani, Mbaya, na kila mara mama aliitikia ndiyo mwanangu, nimeelewa.

"Mbona mimi unanieleza kila kitu?" mshauri aliuliza.

"Wewe ukinisalimu unakaa. Nikisema nzuri, unanyamaza unanitazama mpaka hiyo nzuri inaisha, ndipo tunaanza. Hii inasalimia, hiyoo, imekwenda zake."

Mshauri alivua miwani, akaipangusa. Alisema anaweza kumrudisha, ila mtambo unadai sababu, na sababu iwe maneno ya mgonjwa mwenyewe, yaingie leo. Chini ya vibonye kulikuwa na nafasi ya maelezo. Mama hakuwahi kuifungua. Taratibu akaichukua simu, akaifungua.

"Haya, sema niandike."

"Andika, nzuri."

"Mama, jamani."

"Andika kwanza nzuri, ndipo niendelee. Siwezi kuanzia katikati kama mgomvi."

Akaandika nzuri, meno ameyauma.

"Ila vidole vinakufa ganzi. Vikombe viwili vimeniponyoka."

Taratibu ndiye aliyezoa vile vigae. Tena alimgombeza, akamwambia awe anaangalia anachoshika.

"Nywele si tatizo, mtu asinipe pole ya nywele. Ila usingizi siupati. Nikifumba macho naona kama sitayafumbua, kwa hiyo nayaacha wazi."

Kidole cha Taratibu kilisimama juu ya kioo. Wanalala chumba kimoja, vitanda viwili, hatua tatu katikati. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

"Kila siku nakuuliza umeamkaje."

"Ukiwa umeshavaa viatu, mkono kwenye kitasa. Nami nakujibu salama, uwahi pasi zako."

Taratibu alitaka kubishana. Alikuwa na hoja zote, za dobi, za kuchelewa, za mtu mzima kushindwa kusema anaumwa. Akazitafuta, akakuta kila moja inaanzia kwenye kile kitasa. Ikamuudhi zaidi, maana sasa hapakuwa na wa kumkasirikia, si mpokezi, si mtambo.

Mshauri alikuwa ameshachukua kadi ya mama, akaandika kwa kalamu: Alhamisi, saa nne, kila wiki. Akaigonga muhuri, kisha akavuta mlango ukafungwa, akaketi nao.

"Umeandika hiyo ya macho?" mama aliuliza.

"Naandika."

"Basi andika, usinitazame. Bado hatujafika kwenye mgongo."