Tunda la Kwanza Halioshwi

Jirani yetu anadai kwamba jana alasiri, sisi tukiwa msibani, walikuja wanaume watatu wenye mabomba mgongoni, nyuso wamezifunika mpaka macho, wakapuliza dawa ua wetu wote kuanzia kona ya choo hadi barabarani. Anadai aliwapigia kelele, nao wakamwambia akalalamike ofisini.

Shida ni kwamba jirani huyu tunamwita Redio. Mwaka jana alitangaza kifo cha fundi cherehani, na fundi mwenyewe akaja kumuuliza mazishi saa ngapi. Kwa hiyo alipotuita leo asubuhi, mama alicheka.

"We Redio, betri zako haziishi?"

"Cheka, dada yangu. Ila hayo matunda usiyale."

Mama alikuwa ameshayala.

Vichaka hivi vya miiba, vyenye matunda madogo meusi, si vya asili hapa kwetu. Bwana shamba ndiye aliyevileta, mimi nikiwa bado nanyonya. Alipita nyumba kwa nyumba na miche kwenye makopo, akisema huu ni ua na ni chakula. Watu wakaviita neema. Jamu ya matunda hayo ndiyo iliyonisomesha mpaka darasa la saba. Kisha vikaruka mipaka, vikaingia malishoni, vikaziba mkondo wa maji bondeni. Siku hizi mikutanoni vinaitwa gugu vamizi, na anayevitunza anatazamwa kama anafuga chui.

Mama hajali. Huchuma alfajiri, majani yakiwa na umande, maana tunda likishapigwa na jua hupondeka ndooni. Na hakuna anayegusa kichaka kabla yeye hajaonja tunda lake moja papo hapo. "Tunda la kwanza halioshwi," husema. "Ukiliosha unaonja maji." Leo alikuwa ameonja vichaka kumi na vinne.

Nilirudi uani peke yangu. Sikuona nyuki hata mmoja. Chini, sisimizi walikuwa wametapakaa kama ufuta uliomwagika, hawajongei. Ndipo nikakumbuka kwamba usiku kucha upepo ulivuma, na penye upepo umande hautui. Basi yale maji majanini yalikuwa ya nini? Nikapitisha kidole kwenye jani, nikanusa. Harufu kama ya mafuta ya taa. Nikakimbilia nyumbani.

Mama nilimkuta kizingitini, mate yanamtoka, anayafuta kwa upindo wa nguo.

"Uchovu tu, mwanangu. Usinikodolee macho hivyo, sijafa."

Redio alinisaidia kumfikisha zahanati, na njia nzima hakusema neno. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nesi alimtazama mama machoni kwa tochi. "Dawa gani?"

"Ya kuua magugu."

"Ziko nyingi, mdogo wangu. Inayomponya wa hii inamuua wa ile. Niletee jina. Kimbia!" Akanichania kikaratasi.

Ofisi ya bwana shamba ni chumba kimoja nyuma ya ghala la mbegu. Ni yuleyule, ila sasa ana mvi. Nyuma ya mlango mabomba matatu yalikuwa yanachuruzika kwenye beseni, kando yake dumu jeupe lisilo na lebo. Dirishani palikuwa na chupa ya jamu yetu, imefika nusu, kijiko ndani.

"Karibu, binti. Mama hajambo?"

"Mama ameonja matunda, mzee. Jana mlipuliza?"

Akaweka kalamu chini. "Nani kasema?"

"Redio."

"Yule mwongo?" Alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. "Sheria inataka tutoe taarifa siku saba kabla. Nyinyi mlipewa taarifa?"

"Hatukupewa."

"Basi hatukupuliza."

Bomba likadondosha tone. Sote tulilisikia.

"Sikuja kushtaki," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtoto. "Uliposema panda, alipanda. Hiyo jamu amekuletea yeye, kwa mikono yake. Yuko zahanati, mate yanamtoka."

Akaivuta ile chupa, akaifunga kifuniko, akakaza, akaendelea kukaza.

Nikamsogezea kikaratasi cha nesi, na kalamu yake nikaiweka juu.

"Jina la dawa tu, mzee. Hata sahihi usitie."