Mnyoo Katika Kichwa cha Paka

Mwaka 1954 sikuwa na mke, sikuwa na ng'ombe, sikuwa na miwani wala cheti chochote. Nilikuwa na tai moja, na Kiingereza cha masomo ya jioni nilichokipata mgodini Geita. Hapa kijijini Mhunze nilikitumia hata kufukuzia kuku, wakaniita "mwalimu" kwa dhihaka.

Jirani yangu, mjane Zipora, alikuwa na paka. Paka yule akaanza kuinamisha kichwa upande na kuzunguka palepale, akianguka na kuinuka. Wiki hiyohiyo mtoto wa Nkwabi, mmoja wa wazee wa kijiji, akashikwa na homa. Nkwabi hakuhitaji mganga: paka anazungushwa na mwenye paka, na huyo ni mchawi. Wazee wakaitana. Zipora ahame.

Nikafunga tai, nikasimama. "Wazee wangu, yule paka ana minyoo ya ubongo. Hata serikali inamjua mdudu huyo."

"Mnyoo hukaa tumboni," akasema Nkwabi. "Huo wako umepanda kichwani kwa ngazi, mwalimu?"

Walicheka hadi ugoro ukamwagika.

"Na mbuzi wako aliyekuwa akizunguka masika? Tulipopasua kichwa tulikuta nini?" nikamuuliza Nkwabi.

"Kifuko cha maji chenye minyoo. Lakini mbuzi ni mali. Paka wa ajuza ni kitu kingine."

Kesho yake paka akafa. Nikawaita wote, nikashika kisu kama daktari. Kufika kwenye fuvu, macho yakaingia giza, nikaitapikia tai. Nkwabi akaninyang'anya kisu, akamaliza kazi. Akatuita tuone. Kwenye ubongo palikuwa na kifuko kama cha mbuzi wake, kidogo tu, kama punje ya karanga.

"Bado sijakubali," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Wazee wakaamua: kwa kuwa nimejigamba kwamba serikali inamjua mdudu huyu, basi serikali iseme yenyewe. Ikikubali, Zipora abaki. Ikinyamaza hadi mavuno, aondoke.

Kifuko nikakitia kwenye chupa ya gongo, nikakaa kumwandikia bwana mifugo wa Shinyanga, kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa habari zangu. Zipora alikuwa ameketi mlangoni.

"Umeshafika kwa paka, mwanangu?"

"Bado, mama. Nakaribia."

"Andika Kiswahili, nisikie unachosema. Atakayehamishwa ni mimi."

Nikauchana ukurasa. Nikaandika mistari michache, nikimsomea Zipora kila mstari mpaka aitikie. Kisha nikaibandika bahasha kwa ugali, nikaifunga pamoja na chupa, nikamkabidhi dereva wa lori la Shinyanga. Tangu siku hiyo mimi na Zipora tukawa tunasubiri jibu lije na lori lilelile, huku mtama ukizidi kukomaa.