Doa la Kiwikoni

Doa la kiwikoni lilikuwa limegoma. Mama Povu alilipaka sabuni ya kipande kwa mara ya tatu, akashika mkono wa jezi kwa vidole vyote, akaanza kufikicha taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Majani ya uwanja hayana adabu. Tope huondoka likitishwa. Damu huondoka kwa maji baridi na subira. Lakini rangi ya majani huingia ndani ya uzi, ikajifanya imezaliwa humo.

"Utatoka tu," aliliambia doa. "Wenzako wamekutangulia, na wote walitoka."

Ilikuwa alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya jukwaa kuu la uwanja, sakafu yake ya saruji imelowa kila siku ya Mungu, dirisha lake moja refu limebanwa juu karibu na dari, usawa wa ardhi ya nje. Jana baada ya mechi maji yalikatika, naye akaloweka jezi kwenye ndoo ya akiba na kwenda kulala na dukuduku. Kanuni yake ilikuwa moja: doa halilali, likilala, linazaa. Ndiyo maana leo aliwahi kuliko jogoo. Simu yake ilining'inia ndani ya mkoba nyuma ya mlango. Mbili zilishazama kwenye beseni, kwa hiyo ya tatu haikuguswa mpaka nguo nyeupe ziwe kambani.

Jezi za wengine zililiwa na mashine. Hii, namba kumi na moja, aliifua kwa mkono. Mashabiki walimwita mwenye jezi hiyo Kisulisuli, kwa jinsi alivyokuwa akizunguka na mpira mpaka mabeki wanakaa chini bila kualikwa. Mama Povu alimwita Soksi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amegeuza maelfu ya soksi za watu, zimejiviringa kama popo waliokufa, zimenata jasho. Mchezaji mmoja tu ndiye aliyezigeuza mwenyewe kabla ya kuzileta. Alikuja klabuni miaka saba iliyopita, mwembamba kama mpini wa fagio, akaweka nguo zake chafu kwenye kikapu zikiwa zimekunjwa. "Pole na kazi, mama," alisema. Aliendelea kuyasema maneno hayo manne kila baada ya mechi, hata sura yake ilipokuwa ukutani kila mtaa. Hawakuwahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Kwenye saa kumi na mbili doa lilisalimu amri. Akasuuza maji matatu, akakamua, akaanika kwenye kamba iliyopita chini ya dirisha, kisha akageukia soksi na bukta. Kufika saa mbili kasoro, kelele za watu zilianza kujaa nje. Hakushtuka. Jana walikuwa wameshinda kwa bao la dakika ya mwisho.

"Washindi hawachoki," alijisemea.

Mlango ukafunguka. Kipara, mpiga pasi, aliingia bila salamu. Huyu kwa kawaida huingia na mzaha mdomoni; Mama Povu akirukiwa na maji, yeye hupiga kelele, "Mwosha huoshwa, dada!" na kucheka peke yake. Leo alisimama katikati ya maji na viatu vyake.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia kelele. Vua viatu."

"Helikopta imeanguka."

"Ya nani?"

"Ya Kisulisuli. Alfajiri hii, kule milimani, kwenye ukungu. Alikuwa anakwenda kwao kumwona mama yake." Kipara alijifuta uso kwa kiganja. "Hakuna aliyetoka. Yeye na rubani."

Mama Povu aliitazama kamba. Jezi ilikuwa bado inadondosha maji, tone baada ya tone, pale pale.

"Saa ngapi?"

"Wanasema kumi na moja na nusu. Kumi na mbili hivi."

Aliinua mikono yake puani. Ilinuka sabuni.

*

Dirisha lile lilionyesha miguu tu. Asubuhi hiyo Mama Povu aliuona msiba wa nchi nzima kwa viatu vyake. Kandambili zilikuja, na buti za mafundi zenye chokaa, na viatu vya shule vilivyopaswa kuwa darasani. Vikaja visigino virefu vya mwanamke aliyesema kwa sauti ya kukatikakatika, "Mimi hata mpira siujui, jamani, sijui nalia nini." Zikaja soksi za manjano, rangi ya wapinzani wao wa mtaa wa pili, na Mama Povu akasubiri kusikia matusi. Hakuna aliyetukana. Soksi za manjano zilisimama karibu na za bluu, kisha zikakaa chini pamoja.

"Jana ulimwita mwizi wa penalti," sauti moja ilisema.

"Alikuwa mwizi," nyingine ikajibu. "Lakini alikuwa mwizi wetu sote."

Redio ya Kipara ilizungumza bila kupumua. Wasikilizaji walipiga simu na kulia hewani. Rubani alitajwa mara moja, baada ya hali ya hewa. Kipara mwenyewe, ambaye msimu mzima alikuwa akisema huyu bwana amechoka, auzwe, alikuwa amepiga pasi mkono mmoja wa jezi moja tangu saa mbili.

"Utauunguza," Mama Povu alimwambia.

"Nilimwita mzigo, dada. Juzi tu. Alinisikia."

"Alikujibu nini?"

"Alicheka. Aliniambia, 'Kaka, mzigo si ndio wenye mali?'" Kipara aliinua pasi, akaishusha tena pale pale.

Saa nne ndipo Katibu wa klabu alipoteremka ngazi, shati lake jeupe limeloa mgongoni. Shati hilo Mama Povu alilijua vizuri. Kila Ijumaa lilijipenyeza kwenye nguo za timu na kufuliwa bure.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Jezi ya jana. Yenye doa."

Mama Povu alinyoosha kidole kambani. Jezi ilikuwa imeanza kukauka, bluu tupu, kiwiko chake safi kama cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Katibu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alitoa gazeti kwapani na kulifungua. Kwenye ukurasa wa kwanza Kisulisuli alikuwa amelala chini mbele ya goli, ameegemea kiwiko, mpira uko wavuni, na mkononi mwake kuna mchirizi mrefu wa kijani na wekundu wa udongo.

"Nchi nzima inalijua doa hili," alisema. "Nimeshasema redioni. Jezi ile ile, na doa lake, na jasho lake, itakabidhiwa kwa mama yake leo saa nane, kisha mama ataiweka kwenye kabati la kioo pale langoni. Nani alikutuma ufue?"

"Hakuna aliyenituma. Nafua."

"Ungesubiri!"

"Ningesubiri nini, mzee? Saa kumi na moja alikuwa hai."

Katibu aliinuka, akafungua kabati, akatoa jezi mpya ya namba kumi na moja na kumtupia.

"Anayejua kulitoa anajua kuliweka. Una saa nne. Ukishindwa, leo ni siku yako ya mwisho humu ndani. Na si mimi nitakayekutoa. Wale wa nje wakijua umeosha kumbukumbu yao, hawatakuuliza hukujua au ulijua."

*

Alikwenda uwanjani kwa mlango wa nyuma. Mbele ya goli la kusini alama ilikuwa bado ipo, mfereji mfupi kwenye majani, urefu wa mkono wa mtu. Alipiga magoti pembeni yake, si juu yake. Aling'oa majani ya jirani, akachota udongo kwenye kiganja.

Kazi ilichukua chini ya saa moja. Alifua jezi mpya mara tatu ili uzi ulegee. Alitwanga majani kwa kitako cha chupa, akayaburuta kiwikoni kwa pembe ile ile ya kwenye gazeti, mara moja, bila kurudia, kwa sababu mtu huanguka mara moja. Kwapani alinyunyiza maji ya chumvi na siki kidogo, akakausha kwa pasi ya mbali. Kipara alisogea, akatazama gazeti, akatazama jezi.

"Dada," alinong'ona. "Hiyo ni yenyewe."

Mama Povu aliiweka mezani haraka, kama kitu cha moto. Katika miaka ishirini na miwili hakuwa amewahi kuchafua nguo ya mtu kwa makusudi, na sasa alijua kwamba anaweza kuliko wote.

Saa nane Katibu aliteremka tena, nyuma yake akiwa na mwanamke mfupi aliyeletwa kutoka kwao kwa gari la klabu, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Mwanamke aliona maji sakafuni, akavua viatu mlangoni. Hakuambiwa. Kisha akasema, "Poleni na kazi."

Mama Povu aliinua kichwa. Maneno yale yale.

"Mama," Katibu alisema kwa sauti ya redioni, "klabu inakukabidhi jezi ya mwisho ya mwanao. Kama alivyoivua."

Mwanamke aliipokea. Aliitazama namba, akapapasa doa kwa kidole gumba, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaizika sura yake ndani na kuvuta pumzi ndefu, ndefu mno, hata Kipara akageukia ukuta.

"Ndiye," alisema mle ndani ya kitambaa. "Jasho lake hili. Nalijua tangu mdogo."

Katibu alishusha mabega. Nje watu waliimba. Hakuna aliyehitaji kusema lolote tena. Ilitosha kunyamaza, na kunyamaza ni kazi nyepesi. Mama Povu aliitazama ile pua iliyokuwa ikinywa chumvi ya mezani.

"Mama, hiyo siyo."

"Mama Povu!" Katibu alifoka.

"Hiyo siyo yake. Jasho hilo ni chumvi na siki. Doa nimelichora mimi leo." Aligeukia kamba. "Yake ni ile kambani. Niliifua. Sikujua, mama. Nilikuja kazini kama siku zote, nikafua."

Mwanamke aliishusha jezi kutoka usoni. Alitazama kamba kwa muda. Katibu alianza kueleza jambo kuhusu heshima ya klabu na hisia za wananchi, naye akamwinulia kiganja, kama anavyozuiwa mtoto asiyejua watu wazima wanazungumza.

"Uliifua saa ngapi?"

"Alfajiri. Kumi na moja na nusu, mpaka kumi na mbili."

"Kwa mashine?"

"Kwa mkono. Yake nilikuwa nafua kwa mkono."

"Kwa nini yake?"

"Alikuwa anageuza soksi."

Kitu kilimtoka yule mwanamke, katikati ya kicheko na kwikwi. "Nilimtandika kwa ajili ya hizo soksi! Nilimwambia, mimi si mtumwa wa miguu yako. Akanikasirikia siku mbili." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kumbe alisikia."

"Alisikia, mama."

Mwanamke aliweka mkoba wake juu ya meza ya pasi, akasogea kambani, akashika pindo la jezi.

"Wametuambia jeneza halifunguliwi," alisema, bila kugeuka. "Moto, unajua. Ndugu zangu walifika na maji, na shuka, na kila kitu. Tukarudishwa. Hatukupewa hata cha kuosha." Alipapasa kiwiko kile. "Kumbe saa ile ile kulikuwa na mtu anaosha."

Alitoa vibanio viwili, akaiteremsha jezi.

"Nipe beseni, mwenzangu."

"Mama, ni safi hiyo."

"Najua ni safi."

Katibu alikohoa. "Mama, samahani, watu wanasubiri langoni. Na kioo kile..."

"Kioo kitangoja ikauke."

Mama Povu alijaza beseni kubwa, maji baridi. Kipara alizima mashine moja baada ya nyingine, kisha redio. Mwanamke alikaa juu ya ndoo, akakunja mikono ya gauni, akaizamisha jezi. Aliifua mabega kwanza, halafu mgongo, halafu mikono, polepole, kila mkono peke yake. Alipofika kiwikoni alikaa hapo. Mama Povu alimmiminia maji kwa kopo kila alipoinua kichwa, bila kuulizwa. Matone yalimrukia usoni. Kipara hakutania.

Katibu alikuwa amebaki na ile jezi ya pili mikononi. Aliigeuza upande huu na ule, akatafuta pa kuiweka, mwishowe akainama na kuitia taratibu kwenye ndoo ya kuloweka. Kisha, akiwa hapo chini, akavua viatu.

Jezi ilipotoka kwenye maji ya tatu ilikuwa nzito. Mwanamke alishika mabega, akampa Mama Povu pindo. Walisimama wakitazamana, wakaanza kukamua, mmoja akisokota kulia, mwingine kushoto. Maji yakateremka kwa kishindo, yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone. Juu, dirishani, miguu ilikuwa imetulia.

Tone la mwisho lilidondoka. Walikuwa bado wameishika, kila mmoja upande wake, imekazwa kama kamba, na hakuna aliyeanza kulegeza.