Mwizi wa Yadi Saba

"Huyo nani tena?" Verlyn aliuliza, akiuzuia mlango wa ukumbi wa kulengea shabaha kwa goti ili Ardis apite na bunda lake la karatasi za ukutani, zilizochorwa mtu mmoja mkubwa.

"Mwizi."

"Mbona mkubwa kama ghala?"

"Kosa lenu. Ninyi ndio mmekataza shabaha isiwekwe karibu zaidi ya yadi saba. Aliyeniibia alisimama yadi tatu, Verlyn, mpaka nikasikia harufu ya kitunguu mdomoni mwake. Basi nimemkuza, ili kwenye saba aonekane yuko tatu."

Verlyn, msimamizi wa ukumbi, akazisoma upya kanuni zake ukutani. Kuhusu ukubwa wa mwizi hazikusema kitu.

Tangu aibiwe kazini, Ardis Lindquist hakuthubutu kulifungua duka la kufulia akiwa peke yake, na tajiri wake alishamwambia waziwazi: Jumatatu afungue, au aje mwingine. Lakini kilichomuumiza zaidi ni aibu. Alipoamriwa kutoa pesa alisema, "Samahani," kisha akamtafutia mwizi mfuko usiotoboka. Pale mjini, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, ambako adabu ni kama dini, hakuna aliyemcheka. Wengi wangemwongezea na kahawa.

Walimtundika mwizi wa karatasi kwenye reli ya juu ya kusogezea shabaha. Alichorwa kuanzia kiunoni kwenda juu tu, lakini mkanda wake ulifagia sakafu na reli ikalia njia nzima. Kwenye yadi saba jamaa akaujaza ukumbi. Ardis akainua bastola.

"Sauti kwanza," Verlyn alisema. "Risasi baadaye."

"Rudi nyuma... tafadhali."

"Ardis! Unamfukuza au unamkaribisha mezani?"

"Rudi nyuma! Samahani!"

Akafyatua, akamkosa. Kumkosa mtu wa ukubwa ule kulihitaji kipaji.

Walirudia na kurudia, mpaka adabu ikachoka kabla ya koo.

"RUDI NYUMA!"

Risasi ikatua kifuani. Kwenye vibanda vya jirani watu waliweka bastola chini, wakarudi nyuma. Verlyn naye.

Jumatatu asubuhi Ardis alifungua duka, bastola ikiwa ndani ya boksi lake chini ya kaunta. Hakuwa amevua hata koti, mtu akaingia mbiombio, uso wote umefungwa skafu.

"Simama hapo! Rudi nyuma!"

Mtu yule akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye mashine za kukaushia, kikapu cha nguo za ndani kimeinuliwa juu ya kichwa.

"Ni mimi, Ardis," ilisema sauti ya Mchungaji Halvorsen. "Nimeleta nguo tu. Skafu ni ya baridi."

Lile neno "samahani" likamjaa mdomoni. Akalishikilia hapo, la moto, kisha akalimeza.

"Haya, njoo," akasema. "Polepole."

Mchungaji akaja, kikapu bado kichwani.