Sauti Bila Picha

Ofisini walimwita Kwikwi. Si kwamba alikuwa nayo. Ni yeye aliyepewa kazi ya kuitibu. Kampuni yao ya simu ilikuwa na huduma yake ya simu za video, na wateja walikuwa wameitukana hadi matusi yakawaishia. Picha inakwama, inaruka, inakwama tena, kama mtu mwenye kwikwi anayejaribu kusimulia msiba. Huko pembezoni, ambako mnara mmoja unahudumia vilima kadhaa, ndiko kulikuwa balaa tupu.

Alikuna kichwa wiki nyingi, mwishowe akaja na dawa. Mtandao ukizidiwa, alisema, hauwezi kubeba vyote viwili, na picha ndiyo mzigo mzito. Basi tuitue picha, sauti ipite. Mtu akisikia, ataelewa. Programu ikaandikwa hivyohivyo: mtandao ukidhoofika, picha inajizima, sauti inaendelea bila kukatika.

Malalamiko yakapungua mno. Meneja, mwanamke asiyesifu hovyo, aliagiza soda na kuikusanya idara nzima mchana mmoja. "Huyu bwana," alisema, "ametufuta machozi." Watu wakapiga makofi. Kwikwi akawa anachekacheka, hajui mikono aiweke wapi, ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Dada yake.

Dada alikuwa kiziwi tangu utotoni. Wazazi waliona kumpeleka shule ni kumtesa bure, akabaki nyumbani na mama, mdogo wake akasomeshwa. Kusoma hajui, lakini mikono yake ilikuwa na maneno kuliko mdomo wa dalali. Lugha yao waliitunga wenyewe wakiwa wadogo: mama ni fundo la kitambaa kichwani, Kwikwi ni kuvuta sikio, kwa kuwa alizaliwa na masikio ya popo. Kwa dada, simu ya video ndiyo simu. Isipokuwa na picha, ni kipande cha plastiki.

Kwikwi alitoka ukumbini, akapokea. Uso wa dada ulikuwa umelowa jasho. Mkono ukagusa fundo la kitambaa. Mama. Kisha kiganja kikashuka kwa nguvu kuelekea chini, na picha ikazimika.

Sauti lakini ilikuja safi, haina hata mkwaruzo: pumzi za dada, kishindo cha ndoo, halafu sauti yake mwenyewe, ile ambayo hakuitoa kamwe mbele za watu, ikipanda na kushuka bila neno ndani yake.

"Dada! Mama kafanyaje? Dada!" alipiga kelele, kisha akakatiza ghafla. Alikuwa anamwita mtu asiyesikia.

Simu ikakatwa, ikaita tena. Uso, mkono, giza. Mara iliyofuata hata uso hakuuona. Akaipigia simu ya mama. Ikaita mpaka ikachoka. Akampigia jirani, fundi cherehani, naye yuko safarini. Fundi akampigia mwenye duka, mwenye duka akafunga duka akakimbia. Alipofika alikuta mlango wazi na ndoo imepinduka uani. Dada alikuwa ameshambeba mama mgongoni, akateremka naye kilima hadi barabarani kutafuta gari la kuwafikisha hospitali.

Kesho yake Kwikwi aliwakuta wodini. Mama alikuwa hai. Upande mmoja wa mwili umelala, mdomo umekwenda kombo, maneno yamegoma kutoka. Dada alikuwa akimfuta mate. Hakuinuka kumsalimu.

"Mngemleta mapema kidogo," muuguzi alisema, akaiacha sentensi njiani.

Dada hakuyasikia hayo, lakini alimwona ndugu yake akiinamisha kichwa. Akaiweka kando ile nguo ya kufutia, akaongea kwa mikono, polepole.

"Nilisimama uani nakupigia. Sikujua nimwinue au nimwache alale. Ukanitazama. Ukanizimia."

"Si mimi. Ni mashine."

"Mashine iliambiwa na nani?"

Angeweza kusema kampuni. Ishara yake anaijua, na dada asingebisha. Akavuta sikio lake.

Dada alimtazama kitambo, kisha akamgeukia mama.

Aliporudi kazini aliingia moja kwa moja kwa meneja.

"Pole sana kwa mama," meneja alisema baada ya kusikia yote. "Lakini viziwi ni wangapi kwa mia? Nikirudisha picha, wengine wote watakwama."

"Si kurudisha ile ya zamani. Mikono haihitaji picha nzuri, inahitaji picha inayotembea. Tuifanye ndogo, ya ukungu, hata rangi tuzitoe, ilimradi isisimame. Na mtu achague mwenyewe: picha kwanza au sauti kwanza."

"Hilo si ungeliwaza mwanzo?"

"Ningeliwaza," alisema.

Meneja alizungusha kalamu, kisha akamruhusu ajaribu. Ilichukua miezi. Toleo la kwanza lilifanya vidole viungane kama mkono wa mtoto aliyevaa soksi. La pili likamaliza chaji. Lililofuata lilikubali. Kwikwi alisafiri nalo hadi nyumbani, akaliweka kwenye simu ya dada, akamwonyesha pa kubonyeza.

Siku hizi dada anapiga. Uso wake unakuja kama umetengenezwa kwa moshi, lakini vidole vinahesabika. Mama kala. Mama kalala vibaya. Mama kaashiria kwa mkono wa kushoto kwamba anataka kutolewa juani. Kwikwi anaelewa kila kitu.

Ila dada hawezi kumaliza habari kwa mkupuo mmoja. Kila baada ya maneno machache anasita, anaisogelea simu mpaka jicho linajaza kioo, anauliza, "Unaniona?" Kwikwi anaitikia kwa kichwa: nakuona. Dada anaendelea kidogo, halafu anasita tena.

"Unaniona?"