Asiyetembea Hapigi

Kwa miaka hamsini na tatu baba yangu, Ingimar, hakukosa hata mara moja asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda bata, na kila mwaka alifika Nchani kwa miguu. Ncha ni ulimi wa ardhi ngumu unaoingia ndani ya kinamasi, upande huu wetu wa Ziwa Manitoba, mwendo wa kilomita mbili kutoka nyuma ya zizi. Kilomita mbili za tope, maji ya mapajani na matete yanayochanja viganja. Alibeba gunia la bata wa bandia, wa kuwavutia wale wa kweli, mgongoni, bunduki begani na chupa ya kahawa ndani ya koti. Nyuma yake alitembea mama yangu, Asdis, mfupi kuliko matete yenyewe, na bunduki yake mwenyewe. Na mimi nilipofikisha miaka kumi na miwili nilitembea nyuma ya mama.

Baba alikuwa na kanuni moja tu ya uwindaji. Mambo ya leseni na idadi ya ndege aliyaheshimu kama raia mwema, lakini kanuni ilikuwa yake mwenyewe: asiyetembea hapigi. Watu wa jiji la Winnipeg walipoanza kuja na mashua za injini aliwaambia hivyo usoni. Mchungaji wetu, mwenye jongo, aliwahi kuomba asukumwe kwa mtumbwi hadi Nchani. Baba akamshauri akavue samaki. Mimi nilikua nikiipenda kanuni hiyo. Ilinifanya nijione mtu, maana nilikuwa nikitembea.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba yangu alikuwa mkuu mwenyewe, na guu likavunjika vilevile. Februari moja aliteleza kwenye barafu mbele ya posta, nyonga ikavunjika. Alikuwa na miaka themanini na mbili. Msimu wa vuli uliofuata aliketi jikoni siku ya kwanza ya bata, kiti amekigeuza, mgongo kwenye dirisha. Milio ya bunduki ilikuwa ikisikika kwa mbali, naye akawa anasoma gazeti la wiki iliyopita.

Mwaka wa pili tulipata barua kwamba chumba chake kwenye nyumba ya wazee kitakuwa tayari Novemba. Hapo ndipo nilipoamua. Nilitaka jambo moja tu: baba apige bata mmoja zaidi akiwa Nchani, kabla theluji haijafunga njia na kabla sijampeleka mjini na masanduku yake mawili.

Mimi kazi yangu ni kuchomelea mabasi ya shule. Mtu akinipa chuma na moto sihitaji ushauri. Jirani yetu Orest alikuwa na gari kuukuu la magurudumu manane, lile linalopita nchi kavu na kuelea majini, lililolala kwenye nyasi zake tangu mkewe alipokataa kulipanda. Nilimtengenezea tela lake la majani makavu, naye akanipa gari.

"Linaogelea," Orest alisema, "ila kwa kulalamika. Na breki usizitegemee sana."

"Kinamasi hakina mteremko."

"Basi mmefaana."

Lilikuwa la njano. Baba alilitazama kutoka dirisha la jikoni, kipande cha sukari katikati ya meno, akiipitisha kahawa juu yake taratibu kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake.

"Umenunua beseni?"

"Ni gari, Baba. Linapita nchi kavu na majini."

"Beseni la magurudumu. La nini?"

"La kwendea Nchani. Nitalijengea maficho juu yake, ya kukunja na kukunjua, bata wasituone. Wewe utakaa ndani."

Alimaliza kahawa. Sukari ikayeyuka yote. "Asiyetembea hapigi," akasema, na akafunga dirisha.

Nikajua nina kazi mbili, ya gari na ya mzee. Nilianza na ya gari, iliyo rahisi. Nililipaka rangi ya tope isiyong'aa. Nikachomelea fremu mbili za mabomba, moja kila upande, zenye bawaba chini ili zilale wakati wa safari na zisimame tukifika. Juu nikaweka vifuniko viwili vya kufunguka mtu anapoinuka kupiga. Ndani benchi, mahali pa bunduki, mahali pa chupa ya kahawa. Mabomba niliyotumia yalikuwa ya viti vya mabasi, na nilijivuna sana kwa sababu yalikuwa ya bure.

Siku ya tatu baba alitoka na fremu yake ya kutembelea, hatua moja, pumziko, hatua moja. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sikuja kukusaidia," alisema. "Nimekuja kuona upumbavu unavyojengwa."

"Karibu. Kiingilio ni bure."

Aliniona nikilipeleka gari kwenye bwawa la ng'ombe kulijaribu. Lilielea vizuri. Nikainua fremu ya kushoto, likainama kidogo. Nikainua ya kulia, likatafakari, halafu likalala ubavu na kunimwaga. Nilipotoka, nikiwa na magugu shingoni, baba alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili asianguke kwa kicheko. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile Februari, kwa hiyo sikumjibu alivyostahili.

"Chuma, Signy. Umeweka chuma juu. Miaka thelathini unachomelea mabasi, hujui uzito unakaa chini?"

"Mabasi yangu hayaogelei."

"Na hilo pia."

Nikang'oa chuma chote. Tulikuwa na hema bovu la sherehe, la mabomba ya alumini, nikalikata hilo. Baba akataka bawaba zishushwe chini zaidi. Nikazishusha. Akataka benchi isogezwe nyuma. Nikaisogeza. Kila siku alisema hakuja kusaidia, na kila siku alikuja mapema kuliko jana.

Halafu yakafika matete. Kwetu hayakatwi msimu wenyewe, hukatwa Agosti, yakakaushwa kivulini, yakageuka rangi ileile ambayo kinamasi chote kitakuwa nayo mwishoni mwa Septemba. Nilikata mafungu arobaini. Nikayafunga kwenye wavu juu ya fremu, safu kwa safu, vichwa vyote juu, nikapunguza ncha kwa mkasi. Yalipendeza. Baba alizunguka gari lote kimya, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Umesuka mkeka," alisema mwishowe.

"Ni matete ya hapahapa."

"Bata ameona matete maisha yake yote. Hajaona yaliyopanga foleni. Theluthi moja huvunjwa na upepo, mengine hulala juu ya wenzake, mengine vichwa viko chini. Mama yako alikuwa akiyatupa tu kwa mkono wa kushoto, na kunguru walikuja kutua kichwani kwake."

Akatoa kisu chake, akakata nyuzi zangu zote. Siku mbili nzima aliyafunga upya, vidole vimevimba, mdomo umejaa kamba. Nilimletea vipande vya vínarterta, ile keki yetu ya tabaka za plamu, akawa anakula bila kuniangalia. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani mtu hawezi kufunga matete siku mbili kwa ajili ya kitu asichokusudia kukitumia.

Asubuhi ya kwanza ya msimu nilimkuta amevaa tayari, koti la zamani, buti, kofia ya masikio. Bunduki yake ilikuwa mezani, imesafishwa. Kibali nilikuwa nimekiomba mimi mwenyewe tangu Julai: mkoa unamruhusu mtu ambaye miguu imemkataa kupiga akiwa ndani ya gari, mradi limesimama na injini imezimwa. Kilikuwa na jina lake peke yake. Baba alikikunja, akakitia kwenye kofia.

"Nakwenda kutazama," alisema.

"Sawa. Utatazama."

Tukaondoka, gari likilalamika kama Orest alivyoahidi. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila kupita njia ile nikiwa na baba, na kila kipande chake kilinichoma moyo. Pale palikuwa na mti uliolala ambapo mama alivua buti kumwaga maji. Pale ndipo nilipozama hadi kifuani na mama akanivuta kwa ukosi, akisema tope la Manitoba halijawahi kurudisha mtu mvivu. Zamani palikuwa na maji wazi mapana kila upande. Siku hizi matete yamefunga karibu yote. Nilitamani kuwa na miaka kumi na miwili na kumwona mgongo wake mfupi mbele yangu.

Nchani nilizima injini. Nikashuka majini, nikatandaza bata wa bandia, nikainua fremu. Gari likatoweka. Ukiwa hatua kumi ungeona kichaka kibaya tu, kilichopigwa na upepo, na nikakiri kimoyomoyo kwamba mzee alikuwa sahihi. Nikapanda ndani, nikakaa karibu naye. Mashariki kulianza kupauka, na kinamasi kikaanza kunong'ona kama kawaida yake.

Bata wa kwanza walikuja kumi au kumi na wawili, juu sana, wenye vichwa vya kijani. Baba akatoa filimbi yake ya mbao ya kuitia bata. Sauti ilitoka ya kukwaruza, akaitema, akajaribu tena, na safari hii walisikia. Kundi zima liligeuka. Walizunguka mara moja, mara ya pili, wakateremka na miguu imening'inia, moja kwa moja mbele yetu.

"Piga, Baba."

Hakuinuka. Bata wakatugundua, wakapaa.

"Kwa nini hukupiga?"

"Haina risasi." Akaifungua bunduki kunionyesha. "Nilikuambia nakuja kutazama. Piga wewe."

"Mimi siwezi. Kibali ni chako. Nikipiga nikiwa humu, afisa wa wanyamapori ananinyang'anya bunduki."

"Basi shuka. Simama majini. Utakuwa umetembea."

"Baba, kiangazi chote nimejenga hiki kitu. Sikukijenga ili nisimame majini."

"Kanuni ni kanuni."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sichagui maneno. Nilimwambia kwamba Novemba anakwenda kuishi mahali ambapo dirisha linatazama maegesho ya magari. Nilimwambia hakuna mtu aliye hai anayeijali kanuni yake, kwamba mchungaji alishakufa na watu wa Winnipeg hawakumbuki. Alisikiliza hadi nikaishiwa.

"Mama yako aliijali," alisema.

"Mama alitembea kila mwaka."

"Siyo mwaka wa mwisho."

Mwaka wa mwisho nilikuwa naishi mjini. Niliambiwa kwamba mama alichoka kwa ugonjwa wa mapafu, akaona bora abaki nyumbani penye joto.

"Hakuona bora," baba alisema. Alikuwa akiitazama filimbi mkononi. "Alivaa kila kitu. Alisimama mlangoni na bunduki yake. Hakuweza kufika hata zizini bila kushika ukuta. Akaniomba nimvute kwa mtumbwi. Mtumbwi ulikuwepo, Signy, na maji wakati huo yalikuwa wazi. Nikamwambia, asiyetembea hapigi. Nikamwambia mwakani, ukipona. Nikaenda peke yangu. Niliporudi alikuwa bado amevaa buti."

Mama alikufa Januari iliyofuata. Hilo nililijua.

Kwa muda wa kama dakika moja nilimchukia baba yangu. Nasema ukweli. Nilimwona mama ameketi jikoni na buti zake siku nzima, na nikamchukia yule mzee pembeni yangu kwa moyo wote. Halafu nikaona vidole vyake, vilivyochanjwa na matete, nikaelewa alichokuwa akikifanya siku zile mbili. Alikuwa akilijenga gari ambalo angepaswa kulijenga miaka ishirini na tisa iliyopita.

"Ilikuwa kanuni mbaya," nilisema.

"Ilikuwa nzuri hadi siku ile."

"Hapana. Ilikuwa mbaya, na ulimnyima mama. Sasa unajinyima wewe na unadhani hesabu inasawazika. Haisawaziki. Ukiishika kanuni hiyo leo tena, unamwacha nyumbani mara ya pili."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake. Risasi zilikuwemo, kama nilivyofikiri. Hakuna mwindaji anayekwenda kutazama na risasi sita mfukoni. Nikachukua bunduki kutoka mapajani mwake, nikatia mbili, nikairudisha.

"Ivunje kanuni," nilimwambia. "Umechelewa sana, lakini ivunje."

Jua lilikuwa limetoka. Bunduki ilikuwa imelala mapajani mwake, na mimi nikageuka kutazama maji. Hakupuliza filimbi. Bata walikuja wenyewe, wawili tu, dume na jike, chini, polepole, kana kwamba wanarudi nyumbani. Nikafungua kifuniko.

Baba alishika bomba la alumini kwa mkono mmoja, akajiinua. Nilisikia nyonga ikigoma na pumzi ikikatika, nikamzuia kwa bega langu asianguke. Akapiga. Akapiga tena. Hakuna unyoya hata mmoja ulioanguka. Wale wawili walipanda juu ya matete, wakaelekea ziwani, wazima kabisa.

Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu, naye hakujishughulisha kuyafuta.

"Mama yako asingekosa," alisema, na akanyoosha mkono kuomba risasi nyingine.